Kijiji cha Lamalera kule Indonesia: ni kweli watu wanabadilisha nyama ya nyangumi kwa mahindi?

Mtoto_wa_Katekista

Habari za jioni wakuu. Naomba aliyewahi kufika au anayejua vizuri anisaidie, hili jambo limenikaa kichwani wiki ya pili sasa.

Paroko wetu ni Mwindonesia, padri wa Shirika la Neno la Mungu (wale wa SVD), ana miaka minne hapa kwetu na Kiswahili anakiongea mpaka wazee wanampenda. Sasa Jumapili baada ya misa ya pili tulikuwa tunakula naye pale nyumba ya mapadri, ugali na maharage, mzee mmoja akamuuliza Baba kwenu mnakula nini, sisi wote tulijua atasema wali. Akasema mahindi. Kwetu ni mlimani, kisiwa kinaitwa Lembata, ardhi kavu, mvua chache, tunalima mahindi kama nyie, na Jumamosi mama yangu alikuwa anajitwika kapu anashuka mpaka soko la pwani kubadilisha mahindi na nyama kavu ya nyangumi, pesa haitoki mfukoni. Wazee wakaangaliana. Mmoja akamwambia kwa heshima, Baba labda ulitaka kusema papa. Akasema hapana mzee, nyangumi, yule mwenye kichwa kikubwa kama cha lori, na wanaomuua ni watu wa kijiji kinaitwa Lamalera, wanatoka na chombo cha tanga na makasia, mtu mmoja anasimama mbele na mwanzi wenye chuma anajirusha nao juu ya mgongo wa nyangumi.

Nimerudi nyumbani nimesimulia, mama mdogo kasema Baba alikuwa anawatania. Mi sidhani, mtu hatanii akimtaja mama yake, na macho yake yalikuwa mbali sana pale mezani.

Maswali yangu: hicho kijiji kipo kweli mpaka leo? Kwa nini wasilime wenyewe? Na soko lisilo na pesa linaendaje, nani anapanga bei? Afu kuna kitu kidogo ambacho sijui kama kinahusiana, mwaka jana kwenye sadaka ya mavuno alikuwa anasaidia kupanga mahindi, anayaweka sita sita, sisi tunapanga kumi kumi, tukawa tunamwacha tu.

Anaenda likizo kwao mwezi wa sita, nataka nikiongea naye niwe najua ninachouliza.

---

Mpigambizi77

Kipo mkuu. Andika Lamalera kwenye ramani ya simu utakiona, pwani ya kusini ya Lembata, mashariki ya kisiwa cha Flores. Watu wakisikia Indonesia wanafikiria Bali na Jakarta tu, kumbe huko anakotoka paroko wako ni mbali kabisa, mkoa wa Nusa Tenggara Timur, makao makuu yake Kupang kwenye kisiwa cha Timor. Wengi wa mkoa ule ni Wakristo, Flores na Lembata wengi ni Wakatoliki, kwa hiyo hilo la padri halishangazi hata kidogo.

---

Mtu_wa_Injini

Mtoto wa Katekista, paroko wako hajakutania, mi nimefika Lamalera kwa miguu yangu na naomba unisome mpaka mwisho maana sijawahi kupata mtu wa kumsimulia hii habari akanisikiliza.

Nilikuwa mtu wa injini kwenye meli za mizigo, tukaingia chelezo Surabaya, matengenezo yakachukua muda, mwenzangu wa zamu alikuwa mtu wa Lembata akaniambia twende nyumbani ukaone. Tukaenda kwa ndege mpaka Kupang, pale tukapanda kindege kidogo mpaka Lewoleba ambao ndo mji wa kisiwa, upo upande wa kaskazini. Kutoka Lewoleba kwenda Lamalera unavuka kisiwa kwenda kusini kwa lori lililowekwa mabenchi nyuma, watu, kuku, magunia, madumu ya mafuta, barabara ya mawe na kona, tulitumia zaidi ya saa nne na mgongo nikausikia wiki nzima. Ukianza kushuka upande wa bahari ndo unajibiwa lile swali lako la kwa nini hawalimi. Hamna pa kulima. Mlima Labalekang unashuka moja kwa moja mpaka majini, mawe meusi ya volkano, nyumba zimepangana kwenye ngazi ngazi, kijiji cha juu kinaitwa Lamalera A na cha chini Lamalera B, ufukwe wenyewe mdogo kama uwanja wa mpira. Watu kama elfu mbili hivi wanaishi pale, na udongo wa kuotesha mahindi ya kuwatosha haupo. Masimulizi yao wenyewe ni kwamba mababu walihama kutoka kisiwa cha Lapan Batan kilichoharibiwa na bahari, wakafika pale wakapewa mahali pa kukaa na wenyeji wa ardhi. Kwa hiyo walipewa ufukwe, na mashamba yalishakuwa na wenyewe juu mlimani.

Ila mbele yao bahari ni ya kina kirefu karibu kabisa na nchi kavu, inaitwa Bahari ya Sawu, ni njia ya nyangumi. Hawaendi kuwatafuta nusu ya dunia, wanakaa ufukweni wanaangalia. Akionekana moshi wa maji mtu anapiga kelele BALEO! na ile kelele inapokelewa nyumba kwa nyumba mpaka juu, nimeisikia mara moja, nilikuwa nakunywa kahawa, watoto waliokuwa shuleni wakaipokea nao, kijiji kizima kikashuka. Siku ile waliowaona ni wa aina ile wasiyoigusa, walirudi mikono mitupu na hakuna aliyelalamika. Wanayemwinda hasa ni yule mwenye kichwa cha mraba, wao wanamwita kotekelema, mwenye meno, anayekula ngisi. Yule nyangumi mkubwa wa bluu hawamgusi kabisa, kwao ni mwiko, wanasema aliwahi kumwokoa babu yao baharini.

Vyombo vyao vinaitwa tena, kwa wengine peledang, urefu kama mita kumi, vinakaa kwenye mabanda ya makuti pale pale ufukweni, kila ukoo na chombo chake na banda lake. Omoni kuna jukwaa la mianzi limechomoza mbele, hapo ndo anasimama lamafa, yaani mpiga chusa. Na ni kweli anaruka. Nilidhani watarusha chusa kama mkuki, nikauliza, wakanionyesha: mwanzi ni mrefu na mzito, chuma kimechomekwa mwishoni na kamba imefungwa kwenye chuma, ukirusha tu kwa mkono hauingii kwenye ile ngozi, lazima uzito wa mtu mzima uende nao. Anaruka, anazama, anaogelea kurudi chomboni wakati nyangumi ameshaanza kuvuta. Mzee mmoja aliyekuwa lamafa alinishika mkono akanionyesha mguu wake ulivyokatwa na kamba, kamba ikikimbia inatoa moshi, wanaimwagia maji. Mwaka 1994 nyangumi alivuta vyombo vyao kuelekea Timor siku kadhaa mpaka wakavipoteza, watu waliokolewa na meli ya watalii iliyopita. Bado wanalisimulia wakiwa wamekaa kwenye mabanda yale.

Sasa soko, maana ndo swali lako kubwa. Linaitwa Wulandoni, jirani na Lamalera, ni Jumamosi. Nilikwenda na mke wa mwenzangu. Wanawake wa mlimani wameshuka alfajiri, makapu ya mahindi, ndizi, viazi, mihogo, majani ya tambuu, wamekaa chini ya miti mistari mistari. Wanawake wa Lamalera wamekuja na beseni za vipande vya nyama kavu, nyeusi kama mkaa, na samaki wakavu. Wanapita wanaangalia, wanagusa hindi, wanauliza habari za watoto, ila HAKUNA anayebadilisha kitu. Mtu wa ushuru anazunguka kwanza, na ushuru wenyewe analipwa hindi au ndizi. Akimaliza anapuliza filimbi. Hapo ndo soko linafunguka kwa mpigo mmoja, mikono kila upande.

Na bei haina kelele, ndo kilichonishangaza mtu niliyezoea Kariakoo. Hesabu yao inaitwa munga, munga moja ni vitu sita. Kipande kimoja cha nyama ya nyangumi ukubwa wa kiganja ni munga mbili, mahindi 12, au ndizi 12. Huyu mama niliyeongozana naye alichuchumaa mbele ya bibi mmoja wa mlimani, bibi akatoa mahindi sita akayapanga, akatoa mengine sita akayapanga pembeni, mama akaweka kipande cha nyama juu ya jani. Bibi akakiangalia, akakinusa, akakirudisha, akaonyesha kingine chenye mafuta zaidi. Mama akampa hicho. Halafu bibi akaongeza hindi la 13 bila kuombwa, nikamuuliza yule mama kwa nini, akasema mume wake bibi alikuwa mgonjwa nami mwezi uliopita nilimpelekea mafuta. Basi.

Kwa hiyo paroko wako kupanga mahindi sita sita, ndugu yangu, hiyo ni Wulandoni.

---

Mtoto_wa_Katekista

Mtu wa Injini sijui niseme nini. Hapo kwenye sita sita nimesimama nimezunguka chumba. Tulikuwa tunamsahihisha yule baba wa watu jamani, tunayachukua tunaongeza manne.

Naomba uendelee, nyama inagawanywaje wakishaua? Ni ya mwenye chombo?

---

Mtu_wa_Injini

Sio ya mwenye chombo peke yake, na haiuzwi pale ufukweni. Nyangumi mmoja ana mafungu yaliyopangwa toka zamani, sehemu hii ya mwili ni ya ukoo wenye chombo, hii ya mabaharia, hii ya lamafa, kuna fungu la fundi aliyechonga chombo, la mhunzi wa chusa, la aliyeshona tanga. Wenye ardhi, ukoo wa Wujon, wana fungu lao kwenye kichwa kwa sababu wao ndo walikuwepo kabla na wao ndo wanapanda mlimani kabla ya msimu kwenda kuita nyangumi. Kila mwenye fungu naye anagawa kwa ndugu, kwa wajane, kwa mtu aliyempa mahindi wakati wa njaa. Nilikaa kwenye nyumba ya mjane hana mtoto wa kiume hata mmoja baharini, na kwenye mianzi ya uani kwake nyama imeanikwa kama nyumba zingine, chini ya mianzi ameweka kigogo kilichochimbwa kinakinga mafuta yanayodondoka, mafuta ya kuwashia taa hayo.

Kuna miaka wanapata kumi na kitu au zaidi, kuna miaka wanapata mmoja au wawili tu. Mwaka ukiwa mbaya, watu wa mlimani wanawakopesha.

---

Fundi_wa_Shela

Salaam aleikum. Mimi ni mtu wa Lamu, babangu na babu yangu mafundi wa vyombo, naona hapa pana maneno ya vyombo nami nina hamu. Mtu wa Injini, hicho tena chao kimeungwa na misumari ama? Na tanga ni la kitambaa? Hapa kwetu wazee walikuwa na mtepe, mbao zimeshonwa kwa kamba za nazi, hauna msumari hata mmoja, na tanga lake ni mkeka. Wa mwisho walikoma kuundwa zamani sana sisi twauona kwa mfano tu kwenye makumbusho ya Lamu na Fort Jesus, ndio nauliza.

---

Mtu_wa_Injini

Waaleikum salaam fundi. Umenigusa penyewe. Msumari hakuna. Mbao zinaungana kwa vigingi vya mti, zinaanzia mkukuni kwenda juu kila ubao na mahali pake, halafu ndani kuna mataruma, yaani mbavu za chombo, yamefungwa kwa kamba kwenye vishikizo vilivyoachwa kwenye ubao wenyewe wakati wa kuchonga. Niliuliza kwa nini wasitie misumari, fundi wao akanijibu chombo kikigongwa na mkia lazima kilegee kidogo kisha kirudi, chenye misumari kinapasuka. Na tanga ni mkeka fundi! Majani ya mkoche wao fulani wanaita gebang, vipande vidogo vya mraba vimeshonwa pamoja. Wakikaribia nyangumi wanalikunja tanga na kuulaza mlingoti, wanamalizia kwa makasia, watu kumi na zaidi wanaimba.

Nisifiche, siku hizi kuna boti za mashine pia, wanaziita jonson kwa sababu ya injini ya kwanza waliyoijua. Jonson zinafukuzia samaki na pomboo, na akitokea kotekelema jonson inakikokota kile chombo cha tena mpaka karibu kisha inakiachia. Wazee wengine hawapendi, wanabishana sana, niliwakuta kwenye kikao wamekaa usiku mzima.

---

Fundi_wa_Shela

Wasema kweli, chombo cha kamba hupumua. Babangu alikuwa akisema hivyo hivyo. Ahsante ndugu, umeniliza.

---

Bahari_Ni_Shamba

Mimi niko Watamu, kazi yangu ni ya hifadhi ya bahari, kila mwaka kuanzia Julai hivi tunawahesabu nyangumi wa nundu wakipita hapa kuja kuzaa. Nimesoma yote na nimeheshimu, lakini lazima niseme kitu. Nyangumi huyu mwenye meno bado hajarudi vile alivyokuwa. Karne iliyopita meli za viwanda ziliua mamia ya maelfu yao, dunia ikasimamisha uwindaji wa biashara kuanzia 1986. Indonesia sio mwanachama wa Tume ya Kimataifa ya Nyangumi, kwa hiyo hiyo marufuku haiwafungi, lakini sheria za Indonesia zenyewe zinamlinda nyangumi, na samaki taa wakubwa wale wa manta wamelindwa kabisa toka 2014. Ile jonson ndio inanitia wasiwasi. Ukishakuwa na injini unaenda mbali, unaua zaidi ya unachoweza kugawa, na kinachobaki kinatafuta soko la pesa mjini. Chombo cha tanga kilikuwa na mpaka wake chenyewe.

Pia taa manta anazaa mtoto mmoja baada ya miaka kadhaa. Hawezi kuvumilia mashine.

---

Mtu_wa_Injini

Ndugu wa Watamu nakuheshimu na hilo la manta nakubaliana nawe, hata pale kijijini wapo wanaolisema. Ila naomba uwaangalie kwa macho mawili. Miaka ya 1970 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, lilipeleka mtaalamu wa Norway na chombo cha bunduki ya chusa kuwafundisha kuua nyangumi kwa wingi. Mradi ukafa, wao wakaendelea na tena zao. Yaani wageni walewale waliomaliza nyangumi kwa bunduki walifika na bunduki pale, na kijiji hakikushikamana nayo. Halafu 2009 serikali ilipotangaza hifadhi ya Bahari ya Sawu wakapinga kwa nguvu, wakiogopa watafungiwa njia yao ya kula, na Lembata ikaachwa nje ya hifadhi. Mtu asiye na shamba ukimwambia aache bahari unamwambia ahame.

---

Bahari_Ni_Shamba

Simwambii ahame. Nasema wakae chini wao wenyewe waamue injini inafika wapi. Ukiona vile wana mwiko wa yule wa bluu, wanajua kujizuia kuliko sisi wote. Ningetamani kusikia wanazungumza wenyewe kabla ya ofisi yoyote kuwaamulia.

---

Mtu_wa_Injini

Hapo tumekutana.

---

Sista_wa_Ziwani

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni sista, nimekaa Maumere, Flores, miaka mitatu kwa masomo ya shirika letu, na Lembata nilifika mara mbili, naomba kuongeza upande ambao mwenye swali atauhitaji akikaa na paroko wake.

Visiwa vile, Flores ya mashariki, Solor, Adonara na Lembata, vinashiriki lugha na mila ya Walamaholot. Kwanza walifika Wareno, Wadominikani wakajenga ngome Solor mwaka 1566, ni Wareno wale wale ambao baadaye walijenga Fort Jesus kule Mombasa. Wadominikani walikuwa wanabatiza, wenzao wanafanya biashara ya msandali wa Timor. Kuna hati ya Kireno ya 1624 ambayo tayari inawataja watu wa pwani ile wakiwapiga nyangumi kwa chusa kwa ajili ya mafuta, na inagusia ambari, ile ya manukato inayotoka tumboni mwa nyangumi. Kwa hiyo huu sio mchezo wa juzi. 1859 Wareno wakawauzia Waholanzi eneo hilo. Wajesuiti walianza kubatiza Lamalera 1886, kisha SVD wakachukua kazi, na 1937 wakafungua seminari ya Ledalero karibu na Maumere, ambayo imetuma mapadri pande zote za dunia na ndio maana unawakuta mpaka parokia za Afrika Mashariki. Zamani Ulaya ilikuwa inatuma, sasa visiwa vya mahindi vinatuma.

Tarehe 1 Mei pale Lamalera ni Misa ya Lefa. Lefa ni bahari, na ndio jina la msimu. Inafanyika ufukweni mbele ya kikanisa kidogo cha Mtakatifu Petro, vyombo vinabarikiwa kwa maji ya baraka kimoja kimoja, na kabla yake kuna ibada ya kuwakumbuka waliokufa baharini ambao hawakupata kaburi. Niliihudhuria. Jua limezama, wanasoma majina, yalikuwa mengi, kisha familia zinawasha mishumaa na kuiachia majini kwenye vielea vidogo. Mama mmoja kando yangu mshumaa wake ulirudishwa na wimbi mara mbili. Akaingia majini mpaka kifuani na nguo zake zote, akausukuma tena. Sijasahau.

Katika msimu mtu wa baharini hapaswi kwenda na ugomvi wa nyumbani. Chombo kikirudi bila kitu, au lamafa akiumia, kwanza wanaulizana nani ana neno na nani, wanapatana, ndipo wanatoka tena.

Kitu kingine kitakachokushangaza: mahari ya Walamaholot ni pembe za ndovu. Kisiwa hakina ndovu hata mmoja! Zililetwa na biashara ya zamani, na pembe moja inazunguka ukoo hadi ukoo vizazi na vizazi, inatoka kijana wa ukoo akioa, inaingia binti akiolewa. Upande wa mwanamke unajibu kwa vitambaa vya kufuma, wanawake wanafunga nyuzi kabla ya kuzitia rangi, na wa Lamalera wanafuma vyombo, nyangumi na taa kwenye kitambaa. Nilimwona binti anafuma mkia wa nyangumi kwa miezi, akikosea uzi mmoja anafumua.

Na umwombee paroko wako, kisiwa kimepita magumu. Novemba 2020 mlima Lewotolok upande wa kaskazini ulilipuka watu wakakimbia, miezi michache baadaye, Aprili 2021, kimbunga Seroja kikaleta mafuriko na maporomoko kwenye mteremko wa mlima ule ule, watu wengi walikufa Lembata na Adonara.

---

Mtoto_wa_Katekista

Wakuu nimechelewa kurudi, samahani. Sista asante, Mtu wa Injini asante, fundi na ndugu wa Watamu pia asanteni sana.

Jana jioni nilimfuata Baba nyumbani kwake nikamwambia kuna watu wameandika habari za kwenu, nikamsomea kwenye simu, nilianzia kwenye soko. Nilipofika kwenye filimbi akaniambia simama kwanza, akaenda jikoni akarudi na chai, akakaa, akasema endelea.

Amesahihisha kidogo. Anasema Mtu wa Injini amesahau chumvi na chokaa. Wanawake wa pwani wanachemsha maji ya bahari wanapata chumvi, wanachoma matumbawe wanapata chokaa ya kutafunia tambuu na popoo, na bibi yake yeye alikuwa anashuka mlimani kwa ajili ya chokaa kuliko nyama. Na sio Jumamosi tu, wanawake wa Lamalera wanapanda wenyewe mlimani na beseni kichwani saa nane za usiku kwa mwanga wa mwezi, wanafika nyumba za watu kunapopambazuka. Kila mmoja ana nyumba zake anazozijua. Aliyekuwa anakuja kwao alikuwa mjane mmoja, mama yake alikuwa anamwachia mahindi chini ya uvungu hata kama mwaka huo nyama haikupatikana, na yule mjane alipofariki walishuka ukoo mzima kuzika, watu wa mlimani wamebeba mahindi ya matanga. Alisema hivi taratibu sana.

Nikamuuliza kuhusu sita sita. Akacheka, akasema hata hakujua kwamba anafanya hivyo. Akaniuliza na nyie mlikuwa mnaongeza manne? Nikasema ndio Baba, utusamehe. Akasema basi mavuno ya mwaka huu tupange kumi na mbili, kumi yenu yamo na sita yangu yamo mara mbili.

Mama yake ameshazeeka, hashuki tena sokoni, anashuka dada yake. Sasa nauliza la mwisho, akienda mwezi wa sita tumpe nini ampelekee mama? Wazee wanataka kutoa unga, mi naona atasumbuliwa uwanja wa ndege.

---

Mtu_wa_Injini

Unga hapana, viwanja vyao wanakagua vyakula na mbegu. Mpeni kitambaa. Nilimpa yule mama niliyekwenda naye sokoni kikoi changu, akakigeuza nyuma kuangalia nyuzi kabla hajasema asante, kule mtu anasoma kitambaa kwanza.

---

Sista_wa_Ziwani

Naunga mkono. Kanga ni nzuri, nyepesi, na atajifunga siku hiyo hiyo.

---

Mtoto_wa_Katekista

Nimemwambia mama mdogo. Amenyamaza kidogo, halafu kaenda mjini leo asubuhi kanunua doti ya kanga nyekundu yenye pindo nyeusi. Amesema hataipindia, ataikata katikati, kipande kimoja cha mama yake Baba na kingine cha huyo dada anayeshuka na mahindi Jumamosi.